Hiyo siku moja kwa wiki itatoka wapi?

Swali: "Mimi ni mhadhiri wa takwimu, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Nafundisha kozi ya utangulizi yenye wanafunzi 240 wa mwaka wa kwanza, na kila mwaka karibu theluthi yao hurudia mtihani. Chuo chetu kimetangaza ufadhili wa ndani unaolipia asilimia 20 ya muda wa mhadhiri kwa mwaka mmoja wa masomo, ili afanye mradi wa kuboresha ufundishaji. Nataka kuandika upya kozi nzima, nirekodi video za mada zote 28, na nitengeneze benki ya mazoezi ya mtandaoni. Mkuu wangu wa idara ameniambia, 'Wewe omba tu, muda tutautafuta.' Je, niombe? Kamati huangalia nini? Na nikipata, nitajuaje kwamba sitafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja?"

Jibu:

Mwalimu, omba. Lakini kabla hujafungua fomu, rudi kwa mkuu wako wa idara na hilo neno lake, "muda tutautafuta". Nimekaa kwenye kamati za kuchagua miradi ya namna hii kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mfadhiliwa mwenyewe. Muda hautafutwi. Wiki ina siku zile zile. Ukitaka siku moja iwe ya mradi, kuna kazi unayoifanya leo ambayo lazima iache kuwa yako, na lazima ijulikane ni ipi, inakwenda kwa nani, na kuanzia lini. Swali lako la mwisho, lile la kazi mbili kwa mshahara mmoja, ningeliweka la kwanza, maana majibu ya hayo mengine yanatoka humo humo.

Nikusimulie yaliyonipata. Mara ya kwanza nilipopata ufadhili huu nilipunguziwa vipindi viwili kwa wiki kwenye kozi ya mwaka wa pili. Barua ilikuja na muhuri, nikafurahi. Aliyeletwa kuvichukua vipindi vyangu alikuwa kijana hodari aliyemaliza shahada ya uzamili mwaka ule ule, hajawahi kusimama mbele ya darasa. Basi Jumatatu nikawa nakaa naye kumwelekeza, Jumanne ananipigia simu kuuliza habari za mada ya nne, na Jumatano, ambayo ndiyo iliyokuwa siku ya mradi, mkutano wa idara ukahamishiwa hapo kwa sababu "wewe siku hiyo huna kipindi". Mwisho wa muhula ndipo nilipogundua kwamba vipindi vilikuwa vimeondoka kweli, ila mtihani wa kozi ile natunga mimi, vitabu 180 vya majibu nasahihisha mimi, na mtihani wa marudio nao ni wangu, kwa kuwa kwenye mfumo jina la mratibu wa kozi lilikuwa bado langu. Ripoti ya mradi niliiandika likizo. Ilisifiwa sana.

Tangu hapo nikiletewa ombi mezani, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni barua ya mkuu wa idara. Zipo za aina mbili. Moja inasema, "Idara inauunga mkono kwa dhati mradi huu muhimu na itampa mwombaji ushirikiano wote." Barua hiyo haina kitu ndani. Nyingine inasema, "Kuanzia muhula wa kwanza, kozi ya mbinu za utafiti ya mwaka wa tatu itafundishwa na mhadhiri mwingine, pamoja na kutunga mtihani, kusahihisha na marudio. Mwombaji hatapewa uratibu mpya wa kozi wala ujumbe mpya wa kamati kwa mwaka huo." Aliyeiandika hii ya pili amekwisha kufanya hesabu zake. Omba ya namna hii. Ikibidi, iandike rasimu wewe mwenyewe umpelekee aihariri. Wakuu wengi wa idara hushukuru, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia barua hiyo inatakiwa iseme nini.

Sasa utoe kozi ipi? Hapa wengi hukosea kwa njia ambayo huioni mpaka imekupata. Wanatoa kozi ile ile wanayotaka kuiboresha. Inaonekana busara: nipumzike kuifundisha mwaka huu, niiandike upya kwa utulivu, mwakani niirudie. Lakini mwaka wa mradi ukiisha huna darasa ulilojaribia kitu chochote, huna matokeo, una makabrasha tu. Kozi ya utangulizi ya takwimu ibaki mikononi mwako. Toa nyingine, na itoe nzima. Chagua iliyotulia, yenye maandishi yaliyokamilika na mitihani ya miaka ya nyuma, ambayo mgeni anaweza kuingia nayo darasani bila kukuuliza maswali kila jioni. Vipande vya kozi, semina mbili hapa na mhadhara mmoja pale, havitoki. Unavitoa asubuhi vinarudi jioni kwa mlango wa uani.

Uliza pia hiyo asilimia 20 ni ya nini. Swali linaonekana la kitoto, lakini ndilo lenye fedha ndani yake. Ikiwa ni asilimia 20 ya muda wote wa kazi, na mkataba wako ni saa 40 kwa wiki, unapata saa nane, yaani siku nzima. Ikiwa ni asilimia 20 ya muda wa kufundisha peke yake, na kufundisha ni nusu ya kazi yako, unapata saa nne. Matangazo mengi hayasemi. Ofisi ya utumishi inahesabu hivi, idara inahesabu vile, na wewe uko katikati. Halafu fedha zenyewe zinakwenda wapi? Vyuo vingine huhamishia fungu kwenye akaunti ya idara ili imlipe mhadhiri wa muda, vingine hutoa "nafuu" ya ratiba bila senti. Nafuu isiyo na fedha maana yake ni kwamba wenzako watabeba mzigo wako bure, na watakukumbusha. Kama ni fungu, taka kujua nani anatia sahihi kulitumia na mwisho lini, kwa sababu fungu lisilotumika mwaka wa fedha ukiisha hurudishwa, na wewe kozi umekwisha kuifundisha.

Tarehe nazo. Mara nyingi washindi hutangazwa baada ya ratiba ya muhula kupangwa. Ukipata barua wiki ya pili ya muhula hakuna wa kumpa kozi yako tena. Kama kalenda ya chuo chako iko hivyo, omba mradi uanze muhula unaofuata. Sijawahi kuona kamati ikikataa ombi la namna hiyo.

Haya, tukubaliane umeipata siku nzima kwa wiki. Tuihesabu. Mihula miwili ya wiki 15 ni siku 30, ni saa 240. Vikao vya wafadhiliwa, ambavyo huwa vya lazima, tuseme saa tatu kwa mwezi kwa miezi minane: 24. Kibali cha kamati ya maadili, ile inayolinda haki za wanaofanyiwa utafiti, pamoja na kwenda na kurudi: 20. Ripoti ya mwisho na mada ya kuwasilisha mbele ya wenzako: 30. Zimebaki 166. Ukitaka kupima uelewa kwa maswali ambayo mwanafunzi anaeleza kwa maneno yake, na kila karatasi ikachukua dakika tano, wanafunzi 240 ni saa 20, na utapima mara mbili. Zimebaki 126. Hizi ndizo saa za kutengeneza kitu.

Na zoezi moja zuri la darasani, lile la kuwafanya wanafunzi wabishane badala ya kunakili, linakula saa ngapi? Kwangu halijawahi kupungua saa saba, ukihesabu kuliandika, kulijaribu na wanafunzi wanne au watano waliomaliza kozi mwaka jana, kugundua kwamba swali la pili linaeleweka kinyume, na kuliandika upya. Saa 126 kwa saba ni mazoezi 18, na hapo hujaugua hata siku moja. Panga kumi.

Kwa hiyo video za mada 28 pamoja na benki ya mazoezi pamoja na kuandika upya kozi nzima, hapana. Sikuvunji moyo. Kwenye kamati tukiona ombi la hivyo hatusemi "huyu ana bidii", tunasema "huyu hajahesabu", na anayekaa upande wangu wa kushoto hulisukuma kwenye rundo la kukataliwa. Video hasa ningeziacha kabisa. Zinakula muda wa kurekodi, kuhariri na kurekodi tena pale ulipokosea alama ya jumlisha, na mwisho mwanafunzi anapata mhadhara ule ule uliomshinda darasani, safari hii kwenye simu.

Upunguzeje? Anza na tatizo, na ulikaribie mpaka uone sura yake. Umesema theluthi hurudia mtihani. Sawa, wanakwama wapi? Chukua vitabu vya majibu vya mwaka jana, 40 tu, uvichague bila upendeleo, uvipitie swali kwa swali. Nadhani utakuta kwamba wastani na mkengeuko wanakokotoa vizuri, na kwamba kuporomoka kunaanza pale sampuli moja inapogeuka kuwa mgawanyo wa sampuli nyingi. Hapo wanafunzi wengi hupotea, kisha upimaji wa nadharia tete, yaani kuamua kwa data kama dai fulani linasimama, unajengwa juu ya shimo hilo. Kwa maneno ya ombi:

Rasimu ya kwanza ya mhadhiri yeyote husomeka hivi: "Mradi unalenga kuboresha ujifunzaji wa takwimu kwa kutumia mbinu shirikishi na teknolojia za kisasa." Nikiondoa neno "takwimu" naweza kuipeleka idara ya sheria.

Sasa hii: "Katika vitabu 40 vya mtihani wa mwaka jana, wanafunzi 31 walikokotoa kosa sanifu kwa usahihi, lakini 9 tu ndio walioweza kueleza linapima nini. Mradi utaweka mazoezi kumi ya kujadiliana darasani kwenye wiki tano za mgawanyo wa sampuli na upimaji wa nadharia tete, na utapima kama idadi ya wanaoweza kueleza inaongezeka." Tarakimu hizo ni za mfano tu, zako utazihesabu mwenyewe. (Kwa asiye wa takwimu: kosa sanifu hupima jinsi wastani unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine.) Lakini ona jinsi kila kitu kinavyojipanga: tatizo linaonekana, kazi ina ukubwa, na kipimo kimekwisha kutajwa. Mjumbe wa kamati ambaye ni mwanahistoria ataielewa, na huyo ndiye wa kumwandikia, kwa sababu mtaalamu wa takwimu huenda asiwepo mezani.

Umeuliza kamati huangalia nini. Nimekwisha kutaja mawili makubwa, barua na tatizo. La tatu ni idadi ya wanafunzi watakaoguswa, na hapo 240 kwa mwaka ni mtaji. Fomu itakuwa pia na kisanduku cha "ubunifu", ambacho hakistahili kukusumbua. Mbinu ya wanafunzi kujibu swali, kujadiliana na jirani na kujibu tena ilianza kutumiwa na Eric Mazur kwenye darasa lake la fizikia Harvard mwaka 1991. Si mpya, na ni bora hivyo, maana ushahidi wake upo. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi zaidi ya 6,000: zile za mihadhara mitupu zilifikia wastani wa asilimia 23 ya ongezeko ambalo lingewezekana, zile za kuwashirikisha wanafunzi asilimia 48. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walipitia tafiti 225 za sayansi, hisabati na uhandisi, wakakuta wanaofeli ni karibu asilimia 34 kwenye mihadhara na karibu 22 kwenye madarasa ya kushiriki. Weka sentensi mbili za namna hiyo kwenye ombi, kisha useme wazi kwamba hugundui mbinu, unaileta mahali ambapo bado haijafika.

Kwenye kipimo ndipo ningekuomba utulie zaidi, maana hapo miradi mizuri huharibika. Njia rahisi ni kugawa dodoso mwisho wa muhula: "Je, ulifurahia mazoezi haya?" Asilimia 85 wanasema ndiyo, grafu inachorwa, mradi unafungwa. Kufurahia si kujifunza. Kuna utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake, uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019, ambao kila mwombaji angepaswa kuujua: wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushiriki walipata alama za juu kwenye jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo kuliko wale wengine. Kuhangaika na swali kunachosha, mtu akidhani kuchoka ni kutoelewa. Maana yake kwako ni kwamba mradi ukifanya kazi, tathmini za wanafunzi zinaweza kushuka muhula wa kwanza. Mwambie mkuu wa idara jambo hilo mapema, na liandikwe kwenye ombi, la sivyo zitasomwa kama umeshindwa.

Pima uelewa wenyewe. Kwa takwimu una bahati, kuna jaribio lililokwisha kutengenezwa kwa kozi za utangulizi, CAOS, lenye maswali 40 ya kuchagua, ambalo lilielezwa kwenye majarida mwaka 2007. Unaweza kulitumia mwanzo na mwisho wa kozi, likasahihishwa na kompyuta, na saa zile 40 za kusahihisha kwa mkono zikapungua sana. Lakini usiyaache kabisa maswali ya kueleza. Mawili yanatosha, na yawe yale yale uliyoyatumia kuonyesha tatizo kwenye vitabu vya mwaka jana. Hapo utaweza kulinganisha mwaka na mwaka bila kulazimika kuligawa darasa nusu kwa nusu, jambo ambalo wanafunzi huligundua kabla ya wiki ya tatu na kulilalamikia, kwa haki.

Kamati ya maadili usiichelewe. Wewe ndiye mtafiti na wewe ndiye mtoa alama, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kumwambia hapana mtu anayeshika alama zake. Utaratibu ambao umenisaidia ni huu: fomu za ridhaa zinakusanywa na mwenzako asiyefundisha kozi hiyo, anazitia kwenye bahasha, na huzifungui mpaka matokeo yatangazwe. Mpaka siku hiyo hujui nani amekubali na nani amekataa. Ukiliandika hivyo kwenye maombi ya kibali, yanapita haraka.

Kuna jambo hujaliuliza, nami nalitia kwa sababu ndilo linalonisumbua nikiangalia miradi tuliyoifadhili: mfadhiliwa akiondoka kwenye kozi, mradi unaondoka naye. Uingereza walilijaribu kwa kiwango kikubwa kuliko chuo chochote kitakavyoweza. Kati ya 2005 na 2010 baraza la kufadhili vyuo vikuu la huko lilitoa pauni milioni 315 kwa vituo 74 vya ubora wa ufundishaji. Ndani ya vituo kazi nyingi nzuri ilifanyika, walimu walipata muda na vifaa. Tathmini ya baadaye ikakuta kwamba nje ya vituo vyenyewe athari ilikuwa ndogo. Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alikwenda njia nyingine. Kwenye mpango aliouanzisha Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2006 na cha British Columbia mwaka 2007, fedha zilishindaniwa na idara, na mtu mmoja mmoja hakuwa na fomu ya kujaza. Idara ikishinda inaajiri wataalamu wa somo lile lile, wanakaa ndani ya idara, wanafanya kazi kozi kwa kozi pamoja na wanaozifundisha. Mradi ukawa wa idara tangu siku ya kwanza.

Wewe huna fedha za Wieman, una siku moja. Lakini unaweza kumtafuta mwenzako mmoja, yule atakayepewa kozi hii siku ukienda masomoni au likizo ya uzazi au ukihamishiwa kozi nyingine, ukamtaja kwenye ombi kwa kazi maalumu: ahudhurie wiki zile tano, ajaribu mazoezi mawili kwenye darasa lake. Msigawane muda, hata kama fomu inaruhusu. Asilimia kumi kwa kila mmoja ni nusu siku, na sijawahi kuona nusu siku ikipona. Humezwa na barua pepe kabla ya saa nne asubuhi.

Kuhusu kupanda cheo, nitakuwa mfupi. Tangu Ernest Boyer, mwanaelimu wa Marekani, alipotoa ripoti yake ya mwaka 1990 akidai kwamba kufundisha nako ni kazi ya kitaaluma ya kupimwa na kuheshimiwa sawa na ugunduzi, vyuo vingi vimeliingiza wazo hilo kwenye miongozo yao, na kamati nyingi za vyeo zimeendelea kuhesabu makala. Soma mwongozo wa chuo chako, neno kwa neno. Kama miradi ya ufundishaji ina alama zake, taja kifungu kwenye ombi. Kama haina, panga makala moja kutokana na mradi na uitengee saa zake tangu mwanzo, ndani ya zile 126, usizikope kwa usingizi wako. Wala usichanganye ufadhili huu na vyeo vya utambuzi kama vile vya Advance HE, shirika la Uingereza la kuendeleza ufundishaji wa elimu ya juu, vyenye ngazi zake nne, ambavyo mtu hupata kwa kueleza anavyofundisha. Vile vinakaa vizuri kwenye wasifu, lakini havikupi hata saa moja.

Na mkuu wa idara akikataa kuandika ile barua ya pili? Hapo ningesubiri mwaka. Najua ni ushauri mchungu, na najua utakuwa na mwenzako atakayekuambia chukua kwanza, mengine yatajipa. Nilikuwa mimi huyo.

Ukiomba ukakosa, dai maoni ya kamati kwa maandishi na uombe tena. Waliokosa mara ya kwanza wakarudi na tatizo lililopunguzwa hufanya vizuri, hata sisi huwakumbuka. Kwa vyovyote, upate usipate, kuna kazi ya wiki hii ambayo haihitaji fedha ya mtu. Vitabu vya mtihani wa mwaka jana huenda bado havijafungiwa stoo. Chukua vile vitabu 40, tengeneza jedwali lenye safu moja kwa kila swali, andika alama za kila swali peke yake badala ya jumla, na kwenye yale mawili ya kueleza nakili sentensi ya mwanafunzi kama alivyoiandika, bila jina lake. Ni kazi ya jioni tatu. Vikishafungwa makatoni na kupelekwa huko vinakopelekwa, hutavipata tena, na bila hivyo mwakani hutakuwa na cha kulinganishia.